Kunyoa nywele fupi kwa mashine nyumbani: kuanzia namba 2 hadi kipara

Kila Januari shule zinapokaribia kufunguliwa, simu yangu haitulii. Mtu kanunua mashine, kaiwasha, kaipitisha mara tatu kwenye kichwa cha mwanawe, na sasa kichwa kina mabaka na mtoto hataki tena kukaa. Maswali ni yaleyale: nianzie wapi, niweke namba ngapi, mbona inavuta, mbona kisogoni pametoka vipele. Nimekuwa kinyozi miaka kumi na sita, nimeyajibu maswali haya kwa mdomo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Leo nayaandika.

Kuna jambo moja uliweke akilini kabla ya yote. Watu hudhani nywele fupi ndizo rahisi. Nywele ndefu zina mahali pa kuficha kosa, fupi hazina. Tena kadiri unavyoshuka, ndivyo unavyoziacha nywele na kuanza kushughulika na ngozi. Karibu kila onyo utakaloliona hapa chini linatokana na hilo.

Kwanza, ni kichwa cha nani?

Mtu akikwambia "ninyoe fupi", bado hajakwambia kitu. Mwangalie aliyekaa kitini.

Mwanafunzi ndiye mkubwa wa nywele fupi. Shule nyingi za serikali hapa Tanzania zinataka wavulana na wasichana wote wawe na nywele fupi, na namba 1, yaani kitana cha mashine kinachoacha nywele za milimita 3, inamtosha kabisa. Wazazi wengi huniambia "shusha mpaka chini ili akae muda mrefu". Sikubaliani nao. Ngozi ya kichwa cha mtoto ni laini, na siku hizo mbili tatu utakazookoa hazilingani na jua la mstarini asubuhi na vipele vya wiki nzima.

Mwanamke anayenyoa kwa kupenda naye ana mambo yake. Wapo waliounguzwa na dawa ya nywele, wapo ambao nywele za mbele zimekatika kwa kusukwa kwa kubanwa, na wapo wanaopenda tu. Alek Wek, mwanamitindo mzaliwa wa Sudan Kusini, amejulikana dunia nzima akiwa na nywele fupi, na Lupita Nyong'o alipopokea tuzo ya Oscar mwaka 2014 nywele zake zilikuwa fupi vilevile. Lakini dada anayekuja mara ya kwanza usimpeleke moja kwa moja namba 1. Anza na namba 4, mpe kioo, muulize. Akisema endelea, shuka namba 3. Kingo zake usizichonge pembe kali kama za mwanamume ila akisema mwenyewe.

Mwanamume aliyeanza kupata upara husaidiwa na ufupi, urefu humwumbua. Pembeni, ambako nywele bado ni nyingi, pashuke zaidi kuliko juu. Juu ukiacha namba 1, pembeni weka kitana cha nusu. Rangi ya kichwa italingana na upara hautaonekana sana.

Kuna kichwa kingine ambacho nakuomba ukinyoe kwa upole kuliko vyote. Mtu anayetibiwa saratani kwa tibakemikali mara nyingi huanza kudondosha nywele wiki mbili hadi tatu baada ya dozi ya kwanza. Shangazi yangu aliniita asubuhi moja, nywele zimebaki kwenye mto. Nilimnyoa namba 1 barazani, kitenge mabegani, tukasimama kila alipotaka kusimama. Mgonjwa wa namna hii usimguse kwa wembe kamwe. Dawa zake huishusha kinga ya mwili, na mkwaruzo ambao mimi na wewe tusingeuhisi, kwake unaweza kuwa mlango wa maambukizi. Mashine yenye kitana, iliyosafishwa upya, basi.

Mwenye ualbino mnyoe kwa jioni na usimwache chini ya namba 2 kama atakuwa nje mchana. Nywele ndizo kivuli cha ngozi ya kichwa chake. Akitaka fupi zaidi, kofia pana na losheni ya kukinga jua ziwe tayari kabla hujawasha mashine.

Mtoto mchanga anayenyolewa siku ya saba kwa ajili ya akika, ambapo nywele hupimwa na uzito wake hutolewa sadaka kwa thamani ya fedha, si kichwa cha kujifunzia. Utosi wake wa mbele bado haujafunga, na kwa watoto wengi mfupa hufunga kati ya miezi 12 na 18. Mwite aliyezoea.

Wapo pia wanaonyoa kwa sababu isiyo ya urembo: wafiwa siku ya kunyoa matanga, wanaume wanaomaliza umra au hija, kijana anayekwenda Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), mwanamke wa Kimaasai aliyezoea kichwa kilichonyolewa tangu usichana. Kwao usianze habari ya mitindo. Uliza swali moja tu: kipara kabisa, au fupi?

Vitu vya kuwa navyo

- Mashine ya kunyolea na vitana vyake vya plastiki, angalau namba 1 hadi 4. Nusu ikipatikana, chukua.
- Mafuta mepesi ya mashine. Yale ya cherehani yanafaa. Mafuta ya kupikia na ya nazi huganda kwenye meno na kushika nywele, usiyatie.
- Brashi ndogo ya kufagilia meno. Mswaki wa zamani uliooshwa unatosha.
- Spiriti na pamba.
- Chanuo la meno mapana kwa nywele za kipilipili.
- Shuka au khanga ya kumfunika, na karatasi laini ya kuzungushia shingoni.
- Vioo viwili kama unajinyoa mwenyewe.
- Mwanga mzuri. Taa moja ya juu haitoshi, maana huficha mistari. Kaa karibu na dirisha au mlangoni.

Kuhusu namba: kitana cha nusu huacha nywele za milimita 1.5, namba 1 huacha milimita 3, namba 2 milimita 6, namba 3 kama milimita 10, namba 4 kama milimita 13. Mashine tupu bila kitana huacha chini ya milimita moja ukikifunga kile kiwiko cha pembeni (kishikio kinachosogeza meno), na zaidi kidogo ukikifungua. Nywele za namba 1 hufika urefu wa namba 2 baada ya siku kumi hivi, kwa hiyo usihangaike sana kuchagua kati ya hizo mbili. Namba 1 na mashine tupu, hapo ndipo penye tofauti kubwa. Pafikirie.

Hatua kwa hatua

1. Kikague kichwa. Pitisha vidole kila mahali kabla ya kitu chochote. Tafuta uvimbe, vidonda, kovu au chunjua. Mashine haioni, vidole vyako ndivyo vinavyoona. Ukikuta mabaka ya duara yenye magamba na nywele zilizokatika, hayo huenda ni mapunye. Usinyoe. Mpeleke hospitali, maana mapunye ya kichwani hayaponi kwa kupaka peke yake. Yanahitaji vidonge kwa wiki kadhaa, na ukimnyoa leo utawahamishia wengine wote wanaotumia mashine hiyo.

2. Osha, chana, kausha. Wazee walisema ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Hiyo ni kwa wembe. Kwa mashine nywele ziwe kavu kabisa, kwa sababu zikilowa hujilaza na kushikana, meno yanaruka, na ukimaliza zikakauka unaona mabaka. Kipilipili kirefu kichane kikiwa na unyevu kidogo, halafu kiache kikauke.

3. Andaa mashine. Futa meno kwa pamba yenye spiriti na uiache ikauke, kisha tia matone mawili matatu ya mafuta kwenye meno, washa sekunde kumi, zima, futa yaliyozidi. Halafu ijaribu kwenye ngozi yako, upande wa ndani wa mkono chini ya kiwiko, bila kitana. Ukisikia inakwaruza, usiipeleke kichwani kwa mtu. Yale meno yanayotembea yakilingana mno na yaliyosimama, au yakiyapita, yatakata ngozi. Legeza skrubu mbili za chini, yarudishe nyuma kidogo sana, kaza, jaribu tena.

4. Mkalishe vizuri. Kiti kifupi, mgongo wima, shuka shingoni. Kama ni mtoto mdogo, washa mashine kwanza akiiona, mguse nayo mkononi upande usio na meno, aizoee sauti. Dakika hizi mbili zitakuokolea nusu saa ya kilio.

5. Punguza kwanza. Hili ndilo wanaoanza hulikataa kuliko yote. Unataka namba 1, kwa nini uanze na namba 3? Kwa sababu nywele nyingi zikikutana na kitana kifupi hukisukuma juu, mashine inarukaruka na wewe unakandamiza, ngozi inaumia. Pitisha namba 3 au 2 kichwa kizima, anzia kisogoni ambako kosa halionekani haraka. Ukimaliza, fagia, badilisha kitana.

6. Nyoa kinyume na zinavyoota. Kisogoni na pembeni nywele huota kuelekea chini, kwa hiyo mashine ipande juu. Utosini na mbele nyingi huota kuelekea mbele, kwa hiyo toka kwenye paji kurudi nyuma. Pale zinapozunguka utosini hakuna mwelekeo mmoja, ukipita upande mmoja tu utabakiza kishungi. Zunguka: pita kutoka mbele, kutoka nyuma, kutoka kila upande. Kitana kilale bapa kichwani, mkono uwe mwepesi, mwendo wa polepole. Mkono wa pili uvute ngozi kidogo mbele ya mashine.

   Onyo: kabla ya kila mpito, gusa kitana kwa kidole uhakikishe kimekaa. Kikilegea katikati ya kichwa, utaacha njia nyeupe, na dawa yake ni moja tu, kushusha kichwa chote kifanane nayo. Mara nyingi nimeletewa watoto wa namna hiyo. Na ukisimama kusafisha meno, ukirudi usisahau kukirudisha kitana.

7. Masikio na kisogo. Likunje sikio taratibu kuelekea mbele unaponyoa nyuma yake, na chini unaponyoa juu yake. Kisogoni mwambie ainamishe kichwa hadi kidevu kikaribie kifua, ngozi ijinyooshe. Wenye mikunjo ya nyama shingoni, ivute kwa vidole, nyoa katikati ya mikunjo, achia.

8. Kingo. Toa kitana, geuza mashine meno yaelekee chini, gusa tu mpaka wa nywele na uondoe zile zilizotoka nje ya mstari. Fuata mstari aliozaliwa nao. Anayeanza hutaka mbele panyooke kama rula, anakata upande huu, anaona haulingani, anakata ule, na kila mara paji linapanda. Baada ya wiki nywele zinaota kama vinundu mbele ya mstari, na mwenye kichwa analazimika kuchonga kila siku tatu. Kwa watoto siwachongi paji kabisa. Nasafisha kuzunguka masikio na shingoni, natosheka.

9. Kagua kwa mkono. Funga macho ukitaka. Pitisha kiganja kinyume na nywele, utazisikia zilizobaki kabla hujaziona. Mgeuze upande wa dirisha, tazama kutoka pembeni, rudia palipobaki. Nyuma ya masikio na chini ya kisogo ndipo wengi husahau.

10. Ukitaka kipara. Baada ya namba 1, toa kitana, fungua kiwiko, pita kichwa kizima, kisha kifunge na upite tena. Ishia hapo. Kwa nywele zetu zinazojikunja, unywele uliokatwa chini ya ngozi kwa wembe hujipinda na kurudi kuichoma ngozi, ndipo vipele vinapotoka. Ile nusu milimita inayobaki kwa mashine inaukinga usizame. Aliye mbali hataona tofauti, ngozi itaiona.

11. Osha na tuliza. Pangusa nywele, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, kausha kwa taulo lake mwenyewe. Spiriti ya kisogoni huchoma lakini kwa mtu mzima inafaa. Mtoto mdogo na mgonjwa usiwatie, maji safi yanawatosha. Malizia kwa mafuta kidogo ya kupaka. Asivae kofia ngumu wala kola ya kubana siku hiyo.

12. Safisha mashine hapohapo. Fagia nywele, futa meno kwa spiriti, tia tone la mafuta. Vitana vya plastiki vioshe kwa sabuni, kisha vilowekwe dakika kumi kwenye maji ya Jik, sehemu moja ya Jik kwa sehemu sita za maji, na uvisuuze. Meno ya chuma usiyaloweke humo, yatapata kutu. Hata kama ni nyumba moja, fanya hivi kati ya kichwa na kichwa. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, na tone la damu usiloliona linatosha kuvibeba. Wembe hauazimwi, hata kwa ndugu wa tumbo moja.

Ukijinyoa mwenyewe

Kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Sikatai methali, ila kwa namba 1 kichwa kizima inawezekana. Simama ukikipa kioo kikubwa mgongo, shika kidogo mbele ya uso. Mkono wako katika kioo utakwenda upande usioutarajia, kwa hiyo kisogoni ufuate mguso kuliko macho. Pitisha kila mahali mara tatu kwa pande tofauti. Mstari wa shingoni usijichonge peke yako. Weka kidole cha mkono wa pili pale unapotaka uishe, mashine isimame ikigusa kidole, au umwombe mtu wa nyumbani akumalizie sehemu hiyo tu.

Mambo yakienda mrama

*Mashine inavuta nywele.* Mara nyingi ni kiu ya mafuta au nywele zimejaa kati ya meno. Zima, fungua, fagia, tia mafuta. Ikiendelea, meno yameisha makali, nunua mengine. Usimalizie kichwa na mashine inayovuta.

*Inanguruma kwa kelele na haikati.* Mashine zile za kutetema zina skrubu moja ubavuni. Umeme ukiwa mdogo au mkubwa kuliko kawaida, mpigo hubadilika. Ikiwa imewashwa, igeuze skrubu taratibu hadi kelele ianze, kisha irudishe kidogo hadi kelele ikome. Hapo ndipo ina nguvu.

*Meno yana moto.* Yaguse kwa upande wa ndani wa kiganja kila dakika chache. Yakichoma, zima, tia mafuta, subiri. Kichwa cha mtoto huungua kabla hajaweza kukueleza.

*Kuna mistari au mabaka.* Rudisha kitana kilekile na upite kwa mshazari, kulia kwenda kushoto, kisha kinyume. Baka likibaki baada ya hapo, ni pale ulipokandamiza. Weka kitana kifupi kinachofuata na upite kichwa kizima, au liache siku nne.

*Umemkata.* Bonyeza kwa pamba safi dakika tano bila kuchungulia. Osha. Zima mashine, ifute damu na spiriti kabla ya kuigusisha mtu mwingine.

*Vipele kesho yake.* Usikamue wala usinyoe hadi vitulie, na safari ijayo bakiza namba 1. Lakini vile vya kisogoni vinavyokuwa vigumu, vinavyounga na kuacha kovu lililotuna, si uchafu na si laana ya kinyozi. Ni ugonjwa wa ngozi unaowapata hasa wanaume wenye nywele za kujikunja, na kunyolewa chini sana huuchochea. Ukiwahi kwa daktari wa ngozi huzuilika. Kanda ya kaskazini wapo pale hospitali ya KCMC Moshi, na hospitali za rufaa za mikoani zitakuelekeza. Kovu likishakuwa kubwa tiba yake ni ndefu.

*Mtoto hataki kabisa.* Mwache. Nusu ya kichwa leo, nusu kesho, hakuna aliyekufa. Akishikwa kwa nguvu mara moja utamshika kwa nguvu miaka mitano.

*Umeme umekatika katikati ya kichwa.* Chomoa waya ukutani, maana umeme unaporudi kwa kishindo unaweza kuunguza koili. Usimalizie kwa mkasi gizani wala kwa wembe. Mfunge kitambaa, mpe chai. Ukirudi, tia mafuta upya, weka kitana ulichokuwa unatumia, anzia pale ulipokwisha kunyoa ili ujue mkono wako uliishia wapi.